Malalo ya Mhujaji: Toka Butembo na Beni Mpaka Namugongo



Katika kitabu cha jubilei ni desturi kusimulia namna kanisa lilivyojengwa, hesabu ya wabatizwa, majina ya mapadri na makatekista waliotutangulia. Hayo msomaji atayaona katika kurasa nyingine. Sisi tumepewa kuandika juu ya hija, na katika hija tumechagua jambo moja ambalo waandishi wa historia hulipita upesi: mhujaji alilala wapi? Ni nani aliyemfungulia mlango usiku, na asubuhi alikunywa chai kwa nani?

Swali hili laonekana dogo. Hata hivyo, kila mwaka mwezi wa tano unapokaribia kwisha, wakristu wa Butembo na Beni wanaotaka kwenda Namugongo, kule Uganda, huliuliza mbele ya mengine yote. Njia wanaijua. Siku ya Misa kubwa inajulikana tangu zamani, ni tarehe 3 ya mwezi wa sita. Nauli ya motokari huulizwa mara moja ikajulikana. Lakini mahali pa kuweka kichwa, karibu na basilika, penye usalama na bei ya haki, hapo ndipo wengi hukwama; na wako mama wazee walioacha hija yao kwa sababu hiyo peke yake.

Twataka kuonyesha kwamba mahali patakatifu hapajengwi na mafundi wa mawe tu. Hujengwa pia na watu wa nyumba za jirani wanaompokea mgeni. Na sisi tunaobisha hodi kwa wengine tuna deni la kufungua mlango wetu vilevile.

1. Nyumba mbili za mwaka 1886

Tarehe 17 Februari 1879 wamisionari wa kwanza wakatoliki, Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadri Weupe, walifika Buganda. Mwaka 1882 walilazimika kuondoka, na mpaka mwaka 1885 nchi ile haikuwa na padri hata mmoja. Katika miaka hiyo ya upweke imani ilitunzwa na walei. Kwenye ikulu ya Kabaka alikuwapo Yosefu Mukasa Balikuddembe. Andrea Kaggwa alifundisha watu nyumbani kwake. Kule Mityana, katika nchi ya Ssingo, walikuwapo Matia Kalemba Mulumba, Noe Mawaggali na Luka Baanabakintu. Hawakuwa na kanisa wala shule ya misioni. Wakristu walikusanyika nyumbani mwao, wakasali, wakafundishana, na aliyetoka mbali alipewa chakula na mkeka. Nyumba ya mlei ilikuwa kanisa, shule na nyumba ya wageni kwa wakati mmoja.

Kisha yakaja mateso. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwishoni mwa mwezi wa tano 1886, huko Munyonyo, Kabaka Mwanga aliwahukumu vijana wa ikulu waliokataa kuacha kusali. Walifungwa, wakatembezwa kwa miguu mpaka Namugongo, na wengine wao waliuawa njiani. Waliofika hawakuuawa siku ile. Muda wa juma zima walilala kifungoni katika nyumba za wauaji, kwa sababu kuni zilikuwa bado kukusanywa.

Miongoni mwao alikuwapo kijana Mbaga Tuzinde, mtu wa jamaa ya Mukaajanga, mkubwa wa wauaji. Mukaajanga alimsihi sana aseme tu kwamba hatasali tena, naye angemficha nyumbani mwake mpaka hasira ya mfalme ipoe. Mbaga alikataa. Tarehe 3 Juni 1886, iliyokuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, alipigwa shingoni kwanza ili asisikie uchungu wa moto, kisha mwili wake ukawekwa juu ya kuni pamoja na wenzake. Karoli Lwanga alikuwa amekwisha kuchomwa peke yake, mahali pa pekee. Wakatoliki waliokufa Namugongo siku hiyo ni 13, na ndugu Waanglikana walikufa nao katika moto uleule. Vijana watatu waliondolewa katika hesabu ya kuchomwa wakati wa mwisho. Mmoja wao, Denis Kamyuka, ndiye aliyesimulia baadaye mambo mengi tunayoyajua.

Kwa hiyo historia ya Namugongo yatuwekea mbele ya macho nyumba mbili. Ya kwanza ni nyumba ya Mukaajanga: malalo salama, lakini bei yake ni kuikana imani. Ya pili ni nyumba za akina Matia na Noe kule Mityana: mlango uliofunguliwa kwa yeyote aliyemtafuta Mungu, na wenye nyumba ndio waliolipa bei, kwa maana wote wawili waliuawa. Noe alikufa palepale Mityana tarehe 31 Mei 1886. Anayetafuta kitanda karibu na basilika leo, na anayekitoa, afadhali azikumbuke nyumba hizo mbili.

2. Toka majivu mpaka basilika

Mwaka 1920, tarehe 6 Juni, Papa Benedikto XV aliwatangaza Wafiadini 22 wakatoliki wa Uganda kuwa wenye heri. Tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo VI aliwaandika katika hesabu ya watakatifu. Miaka mitano baadaye Papa huyohuyo alikuja mwenyewe: kuanzia tarehe 31 Julai mpaka tarehe 2 Agosti 1969 alikuwa Uganda, na katika safari hiyo alifika Namugongo. Ilikuwa mara ya kwanza Papa aliye kazini kukanyaga udongo wa Afrika katika nyakati hizi zetu.

Kanisa jipya liliwekwa wakfu tarehe 3 Juni 1975 na Kardinali Sergio Pignedoli. Aliyelichora ni Justus Dahinden, mtu wa Uswisi. Umbo lake ni la nyumba ya kienyeji ya Waganda: paa la mviringo linaloteremka mpaka karibu na ardhi, likishikwa na nguzo 22, moja kwa kila mfiadini. Altare yake imesimama mahali alipochomwa Karoli Lwanga. Tusipite haraka hapo. Palipokuwa na kifungo na moto, Kanisa halikuweka mnara wa ushindi wala ngome. Limejenga nyumba, tena nyumba ya namna wanayoijua wanakijiji.

Papa Yohane Paulo II alisali hapo mwaka 1993, na Papa Fransisko aliadhimisha Misa hapo tarehe 28 Novemba 2015. Kila mara hesabu ya wahujaji ilizidi. Siku ya sikukuu watu huja kwa mamia ya maelfu, wakitoka Uganda yote, Kenya, Tanzania, Rwanda, Kongo, hata ng'ambo ya bahari. Ndani ya basilika haienei hata sehemu ndogo yao. Ndiyo maana Misa hufanyika nje, kandokando ya ziwa dogo lililo bondeni. Basi, ikiwa kanisa haliwatoshi kwa saa chache za Misa, nyumba za jirani zitawatoshaje kwa usiku tatu au nne? Hapo ndipo linapozaliwa swali letu la malalo.

3. Njia yetu na milango yake

Toka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Toka Beni mpaka mpakani Kasindi ni kilometa 80. Ukivuka Mpondwe unapita Bwera na Kasese, kisha Fort Portal, Mubende na Mityana, mpaka Kampala, na Namugongo iko upande wa mashariki wa mji huo mkubwa. Safari nzima yapita kilometa 500. Wanaokwenda kwa motokari hulala njiani mara moja. Wanaokwenda kwa miguu hulala mara nyingi sana.

Sehemu ya kwanza ya njia hiyo ina baraka ya pekee kwetu. Mpaka uliowekwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 ulipita katikati ya jamaa moja: upande huu twaitwa Wanande, upande ule wanaitwa Wakonzo, lakini lugha yetu ni moja na mababu ni walewale. Mnande akifika Kasese akashukuru kwa neno wasingya, mwenye nyumba hacheki, kwa maana ndilo neno lake pia. Jimbo la Kasese lilizaliwa mwaka 1989, likikatwa toka Jimbo la Fort Portal, na wahujaji wetu huona huko kama wamefika kwa shangazi. Kwa watu wa kwetu, usiku wa kwanza wa hija umekuwa zaidi usiku wa ujamaa kuliko wa oteli.

Lakini ukishapita milima na kuingia nchi ya Waganda, ujamaa wa damu unakwisha. Lugha ni nyingine, na Kiswahili hakisikiwi na kila mtu. Hapo mhujaji anashikwa na ujamaa mwingine, ule wa ubatizo. Parokia za njiani huwafungulia watembea kwa miguu viwanja na madarasa yao, mama wakristu huwapikia uji, na vijana huwaosha vidonda vya nyayo. Mityana, mji wa Noe Mawaggali, uko katika njia hiihii, kama kilometa 70 kabla ya Kampala. Anayepata kulala hapo anapumzika katika nchi ambamo wakristu wa kwanza walilazana nyumbani mwao zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Katika miaka ya karibu njia hii imejua furaha na machozi. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, sikukuu ya Namugongo ilifanyika bila umati wa wahujaji. Mwezi wa sita 2021 marais wa nchi zetu mbili walikutana Mpondwe kuzindua kazi ya barabara za Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Mambo hayo yalitupa matumaini. Lakini tarehe 15 Januari 2023 bomu liliua ndugu zetu Wapentekoste waliokuwa wakisali kanisani Kasindi. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliingia katika shule ya sekondari ya Mpondwe-Lhubiriha, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala bwenini. Wale watoto walilala wakidhani mlango wa shule unawalinda. Tangu hapo hakuna mzazi wa Beni wala wa Butembo asiyeuliza, kabla ya kumruhusu mtoto wake kwenda hija: atalala wapi, na mlango una kufuli?

4. Waliotuletea Injili walikuwa watu wa hija

Wengi hawajui kwamba habari ya kulaza wahujaji ni urithi wetu pia kwa njia nyingine. Mapadri wa kwanza waliofika sehemu za Beni walikuwa wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yezu, chini ya Mgr Gabriel Grison wa Stanley Falls. Mwaka 1929 wakafika Mapadri Waasompsionisti, wakaendesha kazi hiyo. Mwaka 1934 Beni ikawa misioni ya kujitegemea, mwaka 1938 vikarieti chini ya Mgr Henri Piérard, mwaka 1959 jimbo, na mwaka 1967, katika wakati wa Mgr Emmanuel Kataliko, ikapewa jina la Jimbo la Butembo-Beni.

Basi Waasompsionisti hao, waliozaliwa Nîmes, Ufaransa, kwa kazi ya Padri Emmanuel d'Alzon, walijulikana katika nchi yao kama wapangaji wa hija. Kuanzia mwaka 1873 waliongoza hija kubwa ya taifa, na wakawapeleka wagonjwa Lourdes kwa treni, pamoja na mabwana na mabibi wa heshima waliojitoa kubeba machela na kutandika vitanda. Mwaka 1882 walipeleka Yeruzalemu wahujaji wapatao elfu moja kwa safari moja. Walipofika waliona kwamba mji ule mtakatifu haukuwa na vyumba vya kutosha kwa kundi kubwa namna hiyo. Katika miaka iliyofuata wakajenga karibu na kuta za mji nyumba kubwa ya wahujaji, iliyoitwa Notre-Dame de France. Nyumba hiyo ingali imesimama, nayo sasa ni mali ya Makao Matakatifu, na wahujaji wanalala humo mpaka leo.

Tukirudi nyuma zaidi, Roma yenyewe ilijifunza hivyo. Papa Bonifasi VIII alipotangaza jubilei ya mwaka 1300, watu walijaa mjini kupita kiasi. Karne mbili na nusu baadaye, kwa jubilei ya 1550, chama cha walei kilichoanzishwa na Mtakatifu Filipo Neri kiliwapokea wahujaji maskini, wakawaosha miguu, wakawapa chakula na kitanda. Jubilei na malalo havikutengana tangu zamani.

Kwetu jambo hilo halikuwa geni. Katika miaka ya misioni wakatekumeni walishuka toka vilimani na kukaa karibu na misioni wakijitayarisha kwa ubatizo, na katekista wa kijiji, aliye na nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, alimpa padri mgeni chumba kimoja na watoto wake wote wakabanana katika kile kingine. Katika seminari ndogo tulifundishwa neno la Kilatini hospes, nasi vijana tulishangaa kwamba neno hilo moja lina maana mbili: anayepokea na anayepokewa. Mwalimu wetu alisema Warumi hawakukosa maneno. Walijua tu kwamba leo ni zamu yako, kesho ni yangu.

5. Namna ya kutafuta malalo Namugongo

Tuseme sasa mambo ya kazi, kusudi maandiko haya yamsaidie atakayekwenda.

Malalo ya Namugongo ni ya namna nne. Wako wanaolala nje, juu ya mikeka, kandokando ya uwanja wa sikukuu. Hawalipi chumba, lakini baridi ya alfajiri na mvua vyawajua. Wako wanaolala katika madarasa na viwanja vya parokia, kwa mpango wa jimbo lao au kikundi chao. Wako wanaopanga chumba katika nyumba ya familia, ambapo mama mwenye nyumba hutoa kitanda, maji ya kuoga na chai ya asubuhi. Na wako wanaokwenda katika nyumba za wageni na oteli, ziwe za karibu kama Kyaliwajjala, Naalya, Kireka na Bweyogerere, ziwe za Kampala yenyewe.

Kwa mhujaji wa kawaida wa kwetu, chumba katika familia ndicho kinachofaa mara nyingi. Hapo kuna mlango wa kufunga, na watu wanaojua kama umerudi ama hujarudi. Asubuhi utapewa chai na mandazi, au katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na mchuzi wake, chakula kinachoweza kumshika mtu mpaka saa tisa. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba atakuonyesha njia ya mkato. Na hilo lafaa sana, kwa maana siku ya sikukuu motokari hazifiki karibu na basilika, na kila mtu hupekuliwa kabla ya kuingia. Anayelala mbali hana budi kuamka usiku wa manane; anayelala karibu hutembea kwa miguu na kufika mapema.

Lakini chumba cha namna hiyo hakipatikani kwa kufika tarehe 2 jioni. Yafaa kufanya hivi:

Kwanza, kutafuta mapema, mara tu baada ya Pasaka, na kwa kikundi. Watu kumi wakipanga nyumba moja hulipa kidogo kuliko mtu anayetangatanga peke yake.

Pili, kupitia parokia. Barua ya padri paroko wenu kwa parokia ya kule ina nguvu kuliko namba ya simu uliyopewa sokoni. Imetokea kwamba komisioneri alichukua pesa za kikundi akiwa bado huku, na kikundi kilipofika kilikuta vyumba vimekwisha kupewa wengine. Wale mama walilala katika varanda ya duka. Pesa yote isitolewe kabla ya kuona mlango.

Tatu, kuelewana wazi juu ya bei. Je, ni bei ya mtu mmoja ama ya chumba? Ya usiku mmoja ama ya siku zote? Chai imo ama haimo? Maji ya kuoga je? Ni shilingi za Uganda ama dola? Neno likisemwa siku ya kwanza halileti ugomvi siku ya mwisho.

Nne, kuwaweka wasichana na mama wenye watoto katika chumba chao, pamoja na mtu mzima wa kuwaangalia. Kiongozi wa kikundi awe na majina yote na mahali kila mmoja anapolala.

Tano, kubeba shuka, koti, karatasi za kuvukia mpaka na kadi ya chanjo. Mgeni anayekuja na shuka lake hupata nafasi hata pale vitanda vilipokwisha.

6. Bei na haki

Wako wanaonung'unika kwamba katika juma la mwisho la mwezi wa tano bei ya vyumba hupanda, na wanasema wenyeji wanawauza Wafiadini. Tusiwahukumu wote kwa neno moja. Mama anayewatoa watoto wake kitandani, ananunua maji na makaa, na anaamka saa kumi ya usiku kupika chai ya watu kumi, anastahili kulipwa. Mtume Paulo mwenyewe hakuona aibu kufanya kazi ya mikono ili asiwalemee watu waliompokea. Kumlipa mwenye nyumba kwa uaminifu ni haki.

Dhambi iko mahali pengine. Iko kwa yule anayejua kwamba mgeni amefika usiku, amechoka, ana mtoto mgongoni, hana njia nyingine, na kwa sababu hiyo anamtajia bei mara tatu. Hapo shida ya mwenzake imekuwa duka lake. Injili inatusimulia kwamba Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walikosa nafasi katika nyumba ya wageni Betlehemu; haikutuambia bei ya chumba ilikuwa ngapi usiku ule. Imetuambia tu kwamba nafasi haikupatikana, na tangu hapo kila mkristu mwenye chumba anasomewa habari hiyo kila Noeli.

Mhujaji naye ana haki za kutimiza. Asiharibu, asiibe taa wala shuka, asilete kelele za usiku, asiondoke bila kuaga. Kikundi kimoja kibaya hufunga mlango wa nyumba kwa vikundi vya miaka mingi ijayo.

7. Deni letu

Ndugu wasomaji, tumesema sana juu ya nyumba za watu wengine. Tuangalie sasa za kwetu.

Tangu mwezi wa kumi 2014, wauaji walipoanza kuchinja watu katika vijiji vya Beni, maelfu ya ndugu zetu wamekimbia makwao. Mwezi wa sita 2024 vita vilipofika Kanyabayonga, wengine walipanda toka kusini mwa Lubero. Wengi wao hawakulala katika kambi. Walilala katika nyumba za wakristu, katika jikoni, katika madarasa, katika makapela. Kati ya 2018 na 2020 ugonjwa wa Ebola ulitufundisha hata kuogopa mkono wa jirani. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, na mgeni aliyebisha hodi alitazamwa kwanza kama hatari. Twajua basi uzito wa kufungua mlango katika nchi yetu. Hatusemi ufunguliwe bila akili. Kumwuliza mgeni jina, parokia na barua yake si kukosa upendo. Kufunga mlango kwa kufuli wageni wakiwa ndani ni kuwalinda.

Lakini woga ukizoeleka hugeuka kuwa tabia. Nyumba iliyofungwa miaka kumi kwa sababu ya vita yaweza kubaki imefungwa hata amani ikirudi, na watoto wakakua bila kujua mgeni anapokewaje. Hiyo ingekuwa hasara kubwa kuliko kupotea kwa jengo la kanisa, maana jengo laweza kujengwa tena kwa mwaka mmoja au miwili.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba tunda moja la jubilei hii liwe hili: kila jumuiya ya kikristu iandike nyumba zake zinazoweza kupokea mgeni mmoja au wawili, pamoja na jina la mtu wa kuulizwa, na karatasi hiyo ikae ofisini kwa padri paroko. Mhujaji anayetoka Lubero, Manguredjipa au Mangina akielekea Namugongo, mwanafunzi aliyekuja kufanya mtihani, mama anayemwuguza mgonjwa hospitalini, aliyekimbia vita: kila mmoja akifika parokiani ajue pa kwenda kabla jua halijatua. Mwenye uwezo atalipa kidogo, kama walivyoelewana; asiyekuwa nacho atasaidia kuteka maji. Asubuhi chai iwepo, hata kama ni chai kavu.

Na siku sisi tutakapovuka Kasindi tukielekea Mpondwe, tukipita Mityana ya Noe na Matia mpaka chini ya zile nguzo 22, tutaweza kubisha hodi bila haya, maana na kwetu hodi hujibiwa karibu.

 

Watakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, utuombee.